Vyeti Vinne kwa Wiki

Kuna chama huko Marekani kinaitwa Iron Butt Association, yaani makalio ya chuma, na jina halikukosea. Mtihani wake wa mwanzo ni SaddleSore 1000: maili 1,000, sawa na kilomita 1,609, juu ya pikipiki, ndani ya saa 24. Unatunza risiti za mafuta, unatafuta mashahidi wa kutia sahihi, unatuma karatasi zako, zikikubaliwa unapewa cheti. Mimi na wenzangu wanne tuliumaliza: Diani hadi Eldoret na kurudi, kupitia Dongo Kundu ili feri ya Likoni isitule muda.

Nayasema haya mapema ili nisije nikaambiwa nina wivu. Safari ile ni tamu. Usiku kule Mtito Andei, malori yamefuatana kama siafu, na mwenzako wa mbele anatoa mguu kukuonyesha shimo kabla hujalifikia. Mmoja akianza kusinzia, wote tunasimama. Hiyo ndiyo kanuni yetu ya kwanza, na ndiyo iliyoturudisha nyumbani wazima.

Kinachonikera ni ile kawaida ya mwisho wa safari. Tukifika Diani kuna picha, kuna pilau, kisha vijana wa bodaboda wa steji ya jirani wanaitwa, wanapewa jaketi za rifleksa na hotuba ya usalama barabarani. Yaani mtu aliyekesha barabarani kwa raha zake anasimama kumhubiria kijana wa Ukunda kwamba uchovu unaua. Na kijana anapiga makofi, maana jaketi ni ya bure.

Hebu tupige hesabu. Kijana huyu anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwawahisha wafanyakazi wa hoteli kwenye zamu. Kisha watoto wa shule, kisha mama karanga na ndoo yake ya samaki, kisha mgonjwa wa kupelekwa Msambweni, mpaka saa tatu usiku. Hizo ni saa 16. Kwa siku sita ni saa 96. Gawanya kwa 24. Vyeti vinne, ndugu yangu, kila wiki, na hakuna wa kumpiga picha.

Najua jibu lenu, nimelisikia kwenye meza ya pilau: "Lakini yule hupumzika stejini." Kulala chali juu ya tangi chini ya mwarobaini, sikio moja likimsubiri mteja, ndiko kupumzika? Katika mtihani wetu saa haisimami ukijaza mafuta, wala ukinywa chai, wala ukijinyoosha kando ya barabara. Muda wote unahesabiwa. Kwa nini saa ya bodaboda ndiyo isimame?

Sheria ipo. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki, kilichoingizwa mwaka 2012, kinasema dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Mawakili wana ruhusa ya kubishana kama bodaboda ni gari la abiria. Mwili haubishani. Macho yanayofumba kwenye usukani wa matatu ndiyo hayo hayo yanayofumba kwenye pikipiki, tena huku hakuna bodi la kumkinga mtu.

Jibu la pili ni hili: "Hakuna aliyemlazimisha." Hapa ndipo ninapotaka tuangaliane usoni. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250, na waliozinunua si waendeshaji peke yao. Wamo wenye mishahara walionunua mbili tatu wakazitoa kwa hesabu. Hesabu ni ya siku. Iwe mvua, iwe wateja wamekauka watalii walipoondoka, jioni tajiri anataka pesa yake kamili. Mafuta ni ya kijana, pancha ni yake, na faini akishikwa ni yake. Hela za mwanzo ni za tajiri; unga wa watoto wake unaanza kutafutwa jua likishazama. Anayepanga urefu wa siku ya bodaboda ni mwenye pikipiki.

Na mwenye pikipiki tunaye kwenye msafara. Nilimwuliza mwenzangu mmoja, mwenye tatu pale Ukunda, vijana wake hulala saa ngapi. Akacheka: "Hiyo ni shauri yao, mimi nataka hesabu." Ni huyu huyu aliyetusimamisha Voi kwa sababu niliyumba kidogo. Kwangu alikuwa ndugu, akaniamuru nilale nusu saa. Kwa vijana wake ni kalamu na daftari.

Sisemi tuache safari zetu. Nasema kanuni tunayoishi nayo barabarani tuipeleke stejini. Mwenye pikipiki atafute vijana wawili kwa pikipiki moja, wapokezane adhuhuri, na kila mmoja alipe kwa saa alizoshika usukani. Siku moja kwa wiki isiwe na hesabu. Mvua kubwa ikinyesha, hesabu ipungue. Tajiri atapata kidogo kuliko sasa, naam, na hilo ndilo gharama ya usalama anaouhubiri.

Kwa hiyo msafara ujao ukifika Diani, wanaotaka kushika maikrofoni waanze kwa kutaja mambo mawili: wana pikipiki ngapi stejini, na vijana wao wameamka saa ngapi leo. Asiyeweza kuyataja ale pilau yake kimya kimya, na jaketi zigawiwe bila hotuba.