Kilemba cha Ukoka

Mtu akifufua injini ya Mustang ya 1970, ile 351 Cleveland, wenzake humwambia atafute silinda hedi za 4V kwa sababu matundu yake ni makubwa. Nami nilizifunga, nikasifiwa. Kumbe nimevikwa kilemba cha ukoka. Kila taa ya kijani ilipowaka, vigari vidogo viliniacha. Tundu kubwa lafaa injini inayozunguka kasi mno. Mjini hewa hupita kwa uvivu. Hedi za 302 Cleveland ya Australia zina matundu madogo na chemba ndogo: hewa huenda mbio, mgandamizo hupanda. Ndizo za kutafuta. Anayesifu matundu yako hatakuwamo garini utakapoachwa.