Bustani ya Uhuru Haikuokolewa Ili Ije Kuwekwa Lami

Mwezi wa Oktoba 2019 serikali ilizindua ujenzi wa barabara ya mwendokasi ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Kwa mujibu wa mpango wa wakati huo, barabara hiyo ingemega ukanda wa Bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Tulitulizwa kwa maneno kwamba ambacho kingechukuliwa ni kipande kidogo tu. Mimi nashikilia kwamba hata hicho kipande hakifai kuguswa, na nitaeleza kwa nini.

Bustani hii, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, ni zaidi ya nyasi, miti na mahali pa kujipumzisha siku ya Jumapili. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilinuia kusimamisha humo jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai akapinga. Alitukanwa bungeni, akabezwa kwa kuwa mwanamke, na shirika lake likafurushwa kutoka ofisi zake. Hakurudi nyuma, na wafadhili wa kigeni walipojitenga, mradi ukafa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikesha kwa kufunga kula katika pembe iitwayo Freedom Corner, wakidai wana wao waachiliwe. Polisi waliwavamia kwa virungu na vitoa machozi, na Maathai mwenyewe akapigwa hadi akazirai.

Humo ndimo Mwai Kibaki alimoapishwa Desemba 2002, na Katiba ya sasa ikatangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Humo pia, tangu mwaka 2015, pamesimama mnara wa kuwakumbuka Wakenya walioteswa na utawala wa kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau. Nchi nyingine huyatunza makumbusho yao katika majumba ya vioo. Sisi sehemu kubwa ya historia yetu ya kudai haki imeandikwa katika uwanja huu ulio wazi.

Watetezi wa mradi wana hoja moja nzito: msongamano wa magari. Ni kweli kwamba msongamano wa Nairobi unatesa watu na kula saa za kazi. Lakini tujiulize barabara hii inajengewa nani. Atakayeitumia ni mwenye gari na mwenye uwezo wa kulipa ada. Wakazi wengi wa jiji hili huenda kazini kwa miguu au kwa matatu; ndio wale wale wanaoingia bustanini bila kuulizwa senti. Kwa hiyo asiyekuwa na gari ananyang'anywa kivuli chake ili mwenye gari apite haraka. Tena barabara pana haijawahi kuponya ugonjwa huu. Barabara kuu ya Thika ilikamilika mwaka 2012 ikiwa na njia nane, na leo wanaoitumia asubuhi wanajua foleni imerudi. Mamlaka ya uchukuzi wa jiji iliundwa mwaka 2017, lakini mabasi ya mwendokasi tuliyoahidiwa hatujayaona. Hayo ndiyo yangestahili kutangulia.

Nao wasemao "ni kipande kidogo" wanasahau kwamba ardhi ya umma nchini humu haijawahi kuibwa yote kwa siku moja. Ukimpa mnyakuzi shubiri, huchukua pima. Anayekubali leo ukanda wa barabara atakosa ulimi kesho pakidaiwa maegesho, na kesho kutwa pakidaiwa hoteli.

Kuna pia suala la sheria. Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Kifungu cha 69 kinailazimu serikali kuhimiza umma kushiriki katika ulinzi wa mazingira. Ushirikishwaji huja kabla ya uamuzi. Kuzindua mradi kwanza, kisha kuwaita watu watoe maoni, ni kuwaalika kwenye karamu ambayo sahani zimekwisha oshwa.

Nawasemesha hasa watumishi wa umma mtakaotia saini tathmini ya athari za mazingira: msitie saini mpaka ramani ibadilishwe. Wahandisi wana uwezo wa kuipitisha barabara bila kuingia bustanini. Kinachohitajika ni kuwaagiza. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, andikeni pingamizi zenu kwa NEMA, kwa majina yenu, huku mkitaja vifungu vya sheria. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira hata kama yeye binafsi hajapata hasara. Mwaka 1989 Maathai alikwenda mahakamani akaambiwa hana haki ya kushtaki. Haki hiyo leo tunayo, na ilitangazwa katika bustani hiyo hiyo.