Mwiba Usitawale: Wanafunzi wa Vyuo na Wajibu wa Kupiga Kura



Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, maneno mawili husikika katika parokia zetu. Wazee husema kwamba mwanafunzi wa chuo hana haja na siasa. Amalize masomo kwanza. Vijana nao husema kwamba kura haina maana, kwa kuwa anayehesabu ndiye anayeamua. Maneno haya hutoka katika vinywa tofauti, lakini matokeo yake ni yale yale: kijana hubaki kitandani siku ya uchaguzi, na watu wengine humchagulia mbunge, gavana na rais. Sisi twasema wazi kwamba maneno yote mawili ni upotovu, na ya kwamba anayeyaeneza analidhuru taifa, hata akiwa mtu wa sala.

Miti ilipotafuta mfalme

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, Yothamu aliwasimulia watu wa Shekemu habari ya miti iliyotoka kwenda kujitafutia mfalme. Mzeituni ulikataa, ukitaja mafuta yake. Mtini ulikataa, ukitaja utamu wa matunda yake. Mzabibu nao ukataja divai yake. Kila mmoja ulikuwa na kazi njema ya kufanya, wala hakuna uliosema uongo. Basi miti ikauendea mti wa miiba, usio na tunda wala kivuli cha maana, nao ukakubali papo hapo, ukaanza na vitisho vya moto.

Je, nani alaumiwe? Mwiba ulifuata tabia ya miiba. Lawama ni ya wale wenye faida waliojitenga wakijiona wana shughuli bora zaidi. Mwanafunzi asemaye, "Mimi nina mtihani, siasa si kazi yangu," anarudia maneno ya mzeituni. Mzazi amwambiaye mwanawe maneno hayo anaupanda mwiba kwa mkono wake mwenyewe.

Hesabu zatushuhudia

Tusiongee kwa hisia tu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakenya watatu katika kila wanne walikuwa na umri usiofika miaka 35. Taifa letu ni taifa la vijana. Lakini katika daftari la uchaguzi wa Agosti 9, 2022, lililokuwa na majina 22,120,458, watu wa umri wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40. Daftari lote lilikuwa limekua tangu 2017, ilhali idadi ya vijana ndani yake ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5. Mnamo Oktoba 2021 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilianza zoezi la siku 30 ikitarajia kuandikisha wapiga kura wapya milioni 6. Ilipata milioni moja na nusu hivi.

Na hata waliojiandikisha hawakufika wote. Mwaka 2013 waliopiga kura walikuwa karibu asilimia 86 ya waliojiandikisha. Mwaka 2022 walikuwa karibu asilimia 65. Maana yake ni kwamba watu zaidi ya milioni 7 na nusu walikuwa na majina daftarini, wakakaa nyumbani. Tofauti kati ya mshindi wa urais na aliyemfuata ilikuwa kura 233,211. Hatusemi hayo ili kumtetea huyu au kumlaumu yule. Twasema kwamba waliokaa nyumbani wangeweza kuamua lolote walilotaka, mara nyingi kupita kiasi kilichohitajika, nao wakachagua kutoamua. Anayedai kwamba kura moja haina uzito amesahau kwamba haba na haba hujaza kibaba.

"Kura huibwa"

Hili ndilo jibu tunalopewa na vijana wengi, na si jibu la kudharauliwa. Nchi hii imepitia mambo. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama tawala, wananchi walipangwa foleni nyuma ya wagombea au picha zao, mchana kweupe, na mara nyingine mstari mfupi ukatangazwa kuwa mrefu. Mlolongo ule ulipingwa na viongozi wa makanisa, miongoni mwao maaskofu wetu Wakatoliki, wakati wengi waliogopa kufungua kinywa. Mwaka 1992, vyama vingi viliporejea, vijana wengi walikosa kujiandikisha kwa sababu walinyimwa au walicheleweshewa vitambulisho. Hatuwezi kumwambia kijana kwamba wizi wa kura ni ndoto.

Lakini tumwulize: je, mwizi huiba kisicho na thamani? Wale vijana wa 1992 wasingenyimwa vitambulisho kama kura zao zingekuwa bure. Na ni wapi wizi unapofanyika kwa urahisi? Ni pale ambapo wenye majina hawakutokea, na hapana macho ya kutazama. Jina la mtu asiyekuja kituoni ni mali isiyo na mlinzi.

Tena, yapo mambo yaliyobadilika, na yalibadilika kwa sababu kuna watu ambao hawakukata tamaa. Mnamo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwahi kutokea barani Afrika. Mwaka 2022 fomu za matokeo ya urais kutoka vituoni ziliwekwa mahali pa wazi, na mwanafunzi mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Katiba yenyewe ilipitishwa kwa kura ya wananchi Agosti 4, 2010. Kanisa letu lilikuwa limepinga baadhi ya vifungu vyake, likashindwa debeni, na leo twaishi chini ya Katiba hiyo pamoja na wote. Kura iliamua. Anayesema kwamba kura haiamui kitu, atuambie basi ni nini kilichoamua siku ile.

Barabarani na debeni

Mwezi Juni 2024 vijana, wengi wao wanafunzi wa vyuo, walijitokeza katika miji yetu kuupinga Mswada wa Fedha. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma yale, na damu yao ingali yadai haki. Katiba, kifungu cha 37, yampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, wala sisi hatutamnyamazisha kijana anayeitumia.

Hata hivyo tutafakari. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha mswada ule, dhidi ya 106 walioukataa. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Vijana walishinda siku ile, lakini kwa gharama ya maisha. Na wale 195 walifikaje bungeni? Wengi wao walipelekwa na masanduku ya kura ya Agosti 2022, masanduku ambayo vijana wengi hawakuyakaribia. Maandamano huweza kumzuia mbunge kwa siku moja. Kura humweka au humwondoa kwa miaka mitano. Mwenye kuandamana bila kujiandikisha amefukuza nyani shambani, kisha akaacha ua wazi.

Wala mambo ya vyuo hayako mbali na Bunge. Sheria ya vyuo vikuu iliyorekebishwa mwaka 2016 iliwaondolea wanafunzi uchaguzi wa moja kwa moja wa viongozi wao, ikaweka wajumbe wa kuwachagulia. Mwaka 2023 uliletwa mfumo mpya wa kugharimia masomo, uliowapanga wanafunzi katika makundi kwa kadiri ya hali ya jamaa zao, na wazazi wengi mnajua jinsi ulivyowasumbua. Bajeti ya mikopo na ruzuku za vyuo hupitishwa na Bunge lile lile. Kijana asiyempigia mtu kura hana wa kumwuliza.

Bei ya kijana

Lipo kundi linalofurahia uvivu huu. Mwanasiasa asiyetaka kura ya mwanafunzi hutaka koo lake, miguu yake na ngumi zake. Humpa fulana na noti mbili, humpakia kwenye lori, humtuma akapige kelele mkutanoni au akatupe mawe kwa mpinzani. Jioni humwacha barabarani. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humhesabu kuwa na hatia anayetoa hongo na anayeipokea vilevile. Mbele ya Mungu hatia ni kubwa zaidi, maana aliyeuza kura yake ameuza pia dawa ya hospitali ya kata na barabara ya jirani yake.

Kijana hujifunza haya kwa kututazama sisi wakubwa. Parokia inayompisha mwanasiasa altareni kwa sababu ya bahasha yake haiwezi kumhubiria mwanafunzi juu ya hongo. Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi alikataa michango ya wanasiasa iliyotolewa katika parokia moja ya jimbo lake. Mfano huo na uigwe katika kila harambee.

"Siasa ni chafu"

Kwenu wazee wetu, twasema kwa heshima: fundisho hili hamkulipata kwa Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya 1965, ibara ya 75, unawakumbusha raia wote kwamba kutumia kura yao kwa ajili ya manufaa ya wote ni haki na pia wajibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ibara ya 2240, inaitaja kura pamoja na kulipa kodi miongoni mwa wajibu wa dhamiri. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Christifideles Laici ya 1988, alifundisha kwamba ufisadi wa wanasiasa hauwapi walei ruhusa ya kujitenga na mambo ya umma. Nyumba ikiwa chafu, mwenye nyumba hutafuta ufagio. Hahami akawaachia panya.

Kabla ya 1974 Mkenya alipiga kura akiwa na miaka 21. Sheria ilipoteremsha umri hadi miaka 18, ilikiri kwamba kijana wa umri huo ana akili ya kuamua. Inakuwaje basi sisi tulio wazazi wake katika imani tumwone mtoto?

Yatupasayo kutenda

Kwa zaidi ya miaka miwili, tangu mapema 2023 hadi Julai 2025, Tume ya Uchaguzi ilikaa bila makamishna, na uandikishaji wa kawaida ulirejea Septemba 2025 tu. Waliotimiza miaka 18 katika kipindi hicho ni wengi. Katiba imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, mwaka 2027. Kabla ya siku hiyo daftari hufungwa, na anayechelewa hana njia.

Kwa hiyo twawaomba na kuwahimiza:

1. Kila jumuiya ndogo ndogo ihesabu vijana wake waliotimiza miaka 18, iulize nani hana kitambulisho, na mzee mmoja amsindikize hadi ofisi ya usajili. Bila kitambulisho au pasipoti hakuna kujiandikisha.

2. Kila mwanafunzi achague kituo kwa busara. Mtu hupiga kura pale tu alipojiandikisha. Aliyejiandikisha karibu na chuo, naye mwezi Agosti yuko nyumbani Turkana au Taita, amejifungia mlango. Ajiulize atakuwa wapi siku hiyo. Na kama alijiandikisha kwingine, aombe kuhamishiwa mapema.

3. Mapadre walezi wa vyuo na viongozi wa vikundi vya wanafunzi Wakatoliki watangaze siku za uandikishaji baada ya Misa, na wawafundishe vijana kura zote sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi.

4. Asiwepo kiongozi wa Kanisa anayemwambia kijana ampigie nani. Kura ni siri, na dhamiri ni ya mwenyewe. Kazi yetu ni kumsaidia apime: je, mtu huyu ni mkweli, amefanya nini kwa maskini, mali yake aliipata wapi, anawagawa watu kwa kabila?

5. Wazazi, siku ya kura ondokeni nyumbani pamoja na watoto wenu, kama mnavyokwenda kanisani.

Iwapo baada ya hayo yote tutapata viongozi wabaya, tutakuwa na nguvu ya kuwadai, kwa kuwa tulishiriki. Lakini tukikaa kimya na kuacha miti yetu bora ijitenge, tusije tukashangaa moto utakapotoka katika mwiba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huo wenye kuujenga watakuwa hawa hawa vijana, kwa jasho lao, kwa miaka mingi.

Amani ya Kristo, iliyo tunda la haki, ikae nanyi nyote.