Deni Halilipwi kwa Kumlaumu Anayedai

Wauguzi wakigoma leo, kesho utausikia wimbo uleule redioni na ndani ya matatu: vyama vya wafanyakazi vimeziteka kaunti. Kazi yao ni kudai na kukamua, na pesa za barabara na visima zinaishia kwenye mishahara. Magavana huuanzisha, nasi wananchi tuliokuta lango la hospitali limefungwa tunauitikia.

Nami niliwahi kuuitikia. Mwanzoni mwa 2017 tulizunguka na shangazi yangu mgonjwa kutoka lango moja hadi jingine, na usiku huo niliwalaani madaktari wote wa Kenya. Kisha nikaenda kutafuta walichokuwa wakidai. Hasira yangu haikuisha, ila ilihama.

Madaktari wale waliweka vifaa chini tarehe 5 Desemba 2016, wakarejea kazini katikati ya Machi 2017 baada ya siku 100. Dai lao halikuwa jipya. Lilikuwa mkataba ambao Wizara ya Afya yenyewe iliutia saini Juni 2013. Wiki chache baada ya saini hiyo, huduma za afya zikakabidhiwa kaunti. Magavana wakasema hawakuwepo mezani, na hapo walikuwa na hoja. Wizara nayo ikasema afya imegatuliwa. Daktari akabaki na karatasi yenye saini ya serikali, na hakuna serikali iliyotaka kuitambua. Februari 2017 viongozi saba wa chama chake walipelekwa jela kwa kuidharau mahakama, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoamuru waachiliwe. Waliouacha mkataba ukae miaka mitatu bila kutekelezwa walilala kwao.

Mkataba uliofuata, wa 2017, ulimpa daktari mwanagenzi zaidi ya shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikatangaza kwamba itampa 70,000. Tukarudi kwenye mgomo, safari hii siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Unaweza kusema 206,000 ni nyingi mno kwa nchi maskini. Basi hilo lilipaswa kusemwa kabla ya kutia saini.

Hata hivyo, ushahidi unaoniuma zaidi hauko hospitalini. Uko kwenye hati ya mshahara ya mfagiaji wa soko na karani wa ofisi ya wadi. Kila mwezi anaona amekatwa pesa za malipo ya uzeeni na za mkopo wa sacco. Katika kaunti nyingi makato hayo yanatolewa kwenye mshahara wake na hayafiki yanakopaswa kufika. Madeni kwa hazina za uzeeni yamefikia mabilioni ya shilingi, mengine yakiwa yamerithiwa kutoka kwa mabaraza ya miji ya zamani. Mtu anastaafu baada ya miaka 30 ya kazi, halafu anaanza kuhangaika ofisi hadi ofisi kutafuta jasho lake mwenyewe. Chama chenye nguvu za kuiteka kaunti kingeshindwaje kulinda hata senti ambazo tayari ni za wanachama wake?

Mwenye nguvu hasa tunamjua. Februari 2021, mswada wa BBI wa kurekebisha Katiba ulipokuwa mbele ya mabunge ya kaunti, madiwani walitaka ruzuku ya magari. Tume ya Mishahara iliwaidhinishia shilingi milioni 2 kila mmoja, na mwezi huohuo mabunge mengi yakaupitisha mswada. 

Ni kweli mishahara inameza kaunti. Kanuni za fedha za 2015 zinataka isizidi asilimia 35 ya mapato, na Msimamizi wa Bajeti amelalamika mara kwa mara kwamba kaunti nyingi zinavuka mpaka huo. Lakini chama hakiajiri mtu. Wanaojaza ofisi kwa jamaa na wapiga debe baada ya uchaguzi ni wanasiasa, na wafanyakazi hewa hawana kadi ya chama chochote. Tena nyongeza yoyote ya mshahara lazima ipitie kwa Tume ya Mishahara, kwa mujibu wa Kifungu cha 230 cha Katiba.

Viongozi wa vyama nao sitawatakasa. Wapo waliougeuza uenyekiti ngazi ya kupandia siasa. Wengi wamenyamaza kuhusu wafanyakazi hewa, ilhali mshahara wa mtu asiyekuwepo unakula nyongeza ya aliyepo. Na mgomo wa hospitali unamwumiza maskini, kwa sababu tajiri hakuwa anakwenda pale. Viongozi wanaojua haya wana wajibu wa kupaza sauti mapema, kabla ya siku ya kufunga malango.

Gavana wako akisimama jukwaani kukwambia wafanyakazi wanaifilisi kaunti, usimpigie makofi bado. Muulize mbele ya watu: ni mikataba gani uliyoitia saini, na makato ya wafanyakazi wako ya mwezi uliopita yako wapi?