Mabao matatu kwenye fainali, na hakulipwa hata senti

Kama umenifuata kwa muda unajua mimi hupenda kuzama kwenye michezo ambayo hakuna msee mtaani anaicheza. Safari hii ni halingi, mchezo wa Ireland. Watu 15 kwa 15, kila mmoja na fimbo ya mbao iliyopanuka kule chini, mpira mdogo mgumu, dakika 70. Ukiutia mpira ndani ya goli, hilo ni bao na lina thamani ya pointi 3. Ukiupitisha juu ya mtambaa panya, katikati ya milingoti, unapata pointi 1. Fikiria hoki ambayo mpira umekataa kukaa chini. Manze, inatisha.

Lakini sheria si shida yangu leo. Shida yangu ni kwamba kila nikimtaja Shane O'Donnell kwa marafiki, swali la kwanza ni lile lile: kwani alitengeneza doo ngapi?

Wacha niwape mkasa kwanza. Mwaka ni 2013, fainali ya Ireland nzima, Clare dhidi ya Cork. Mechi ya kwanza inaisha sare juu beki mmoja wa Clare, Domhnall O'Donovan, amepanda mbele dakika za mwisho kabisa na kufunga pointi ya kusawazisha. Beki! Kwa hivyo lazima warudiane, tarehe 28 Septemba, Jumamosi jioni, uwanja wa Croke Park kule Dublin, mashabiki zaidi ya 80,000.

O'Donnell ana miaka 19. Anatoka Ennis, mji mkuu wa Clare. Mechi ya kwanza hakuanza. Hata ya marudiano hakujua kama ataanza hadi siku yenyewe, saa chache kabla ya mechi, kocha Davy Fitzgerald alipomwambia: wewe uko ndani. Sasa sikia utamu wa hii. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Chuo gani? Cha Cork. Yaani anaenda kucheza fainali dhidi ya timu ya watu anaokaa nao darasani. (Cork hiyo hiyo ndiko alikozaliwa Brother Colm O'Connell, yule mwalimu wa Iten aliyemnoa David Rudisha, kwa hivyo msiniambie Ireland haituhusu.)

Dakika ya 19 haijapita, kijana tayari ana mabao matatu. Tafuta vidio. Bao la kwanza unaona kabisa hata yeye hana muda wa kufikiria, anageuka tu na kupiga. Alimaliza mechi na mabao 3 na pointi 3. Clare walishinda kwa mabao 5 na pointi 16 dhidi ya mabao 3 na pointi 16. Piga hesabu mwenyewe: ni 31 kwa 25. Toa mabao yake matatu uone nani anabeba kombe. Na Darach Honan, aliyepoteza nafasi yake kwa O'Donnell siku hiyo, aliingia kutoka benchi akafunga bao la mwisho. Hiyo nayo inahitaji roho, lakini wacha tusiende huko.

Clare hawakuwa wameshinda tangu 1997. Unaweza kuwaza vile nchi ililipuka. Kijana wa miaka 19, sura nzuri, mabao matatu. Kila alikopita ni selfii. Na yeye mwenyewe baadaye amesema wazi kwamba umaarufu ule haukumfurahisha, ulimlemea. Sisi tunaotafuta likes usiku na mchana tunasoma hiyo tunashangaa. Kwani kuna mtu hataki kutrendi?

Halafu alirudi darasani. Alikuwa anasomea jenetiki, akaendelea hadi akachukua uzamifu kwenye maikrobayolojia, na katikati ya hayo akapata nafasi ya utafiti Harvard. Wakati huo wote bado anachezea Clare. Halingi ni ya ridhaa, hakuna mshahara. Chama chake kilianzishwa 1884, na hadi leo anayejaza Croke Park Jumapili, Jumatatu anarudi kazini kama wewe na mimi.

Maoni yangu ndiyo haya, na mnaweza kunirarua kwenye komenti. Tumezoea kuwaambia vijana wenye kipawa wachague: aidha mpira au vitabu. Na vitabu tunaviita akiba, ya siku ile goti litavunjika. Ukiangalia miaka ya kwanza ya O'Donnell, maabara haikuwa akiba ya chochote. Ilikuwa ndiyo sehemu ambayo hakuna mtu alimtarajia afunge mabao matatu tena. Naamini ndiyo iliyomsaidia kuendelea kucheza, juu ukishafanya kitu kama kile ukiwa na miaka 19, kila mechi inayofuata inaonekana umeshuka.

Sasa, kuna wale watachukua hii hadithi na kunitumia ujumbe: unaona, kipawa si pesa, kwa hivyo kuja ututengenezee vidio tatu za bure, utapata kujulikana. Kuna kampuni ilinijaribu hivyo mwezi jana. Hapana. Kule Ireland pesa za milangoni zinarudi kwa sehemu kubwa kwenye vilabu na viwanja vya vijijini, ambako hao wachezaji wenyewe walijifunzia wakiwa wadogo. Wewe kampuni yako inarudisha wapi?

Na hata kule mimi sijakubali kabisa. 2021 O'Donnell aligongwa kichwa mazoezini, akapata mtikisiko mbaya wa ubongo, msimu wake ukaisha hapo. Amesimulia vile kwa muda hata kazi hakuweza kufanya. Huyu ni mwanasayansi. Ubongo ndio jembe lake, na aliuhatarisha kwa mchezo ambao haumlipi. Nikifika hapo kwenye hadithi, lile swali la doo ngapi linaanza kunitafuna hata mimi.

Alirudi lakini. 2024, akiwa na miaka 30, fainali tena, Clare dhidi ya Cork tena, hadi muda wa ziada. Clare walishinda kwa pointi moja, na mwisho wa mwaka yeye ndiye akatajwa mchezaji bora wa halingi nchini. Siku ya fainali hakufunga mabao matatu. Sidhani kuna mtu Ennis alilalamika.