Fom ya Operesheni ya Macho Inauliza Kila Kitu Isipokuwa Hedhi

Wacha tuongee, hata kama kuna msee ataona haya. Ukienda kufanyiwa operesheni ya jicho utaulizwa kama una presha, kama una sukari, kama unavuta sigara, kama umekunywa chai asubuhi. Hedhi? Kimya. Na kwa hiyo kimya uvumi umejijengea nyumba: eti ukiwa kwa siku zako damu iko mbio, eti jicho litavuja kama bomba lililopasuka, eti ngoja umalize kwanza. Dem mmoja ninayemjua ameahirisha operesheni ya makengeza mara mbili kwa sababu ya hiyo stori. Hakuna daktari aliyemwambia aahirishe. Pia hakuna aliyemwambia asiahirishe.

Sasa huo uvumi. Damu ya hedhi haitoki kwa sababu mwili mzima umesahau kugandisha damu. Homoni ya projesteroni inashuka, utando wa ndani ya mji wa mimba unabomoka, damu inatoka hapo. Haigandi sana kwa sababu mji wa mimba wenyewe unatoa vitu vya kuyeyusha mabonge. Kazi hiyo ni ya huko chini, haipandi machoni. Na kiasi chake, kwa kawaida, ni mililita 30 hadi 40 kwa siku zote hizo. Hiyo ni vijiko viwili vitatu vya mezani, lakini ukisikia watu wakiongea utadhani umechinjwa.

Halafu jicho lenyewe. Konea, kile kioo cha mbele, haina mishipa ya damu. Laser ya kukutoa kwa miwani inafanyika papo hapo kwa konea, kwa hivyo cha kuvuja ni kidogo sana. Damu utaiona kwa operesheni za kope, za misuli ya jicho kama hiyo ya makengeza, na za njia ya machozi, na daktari ana njia zake za kuizima. Kuna ile moja wanayoiogopa kweli, damu kumwagika ghafla nyuma ya retina jicho likiwa wazi. Ni nadra. Ukisoma nani yuko hatarini utakuta wazee, wenye presha, wenye glakoma, wasioona mbali kwa kupindukia. Hedhi huikuti hapo.

Kwa hivyo kuwa kwa siku zako, peke yake, si sababu ya kurudishwa nyumbani. Basi mbona nataka tuulizwe?

Kwanza, tembe. Fom inasema "unatumia dawa yoyote?" na dem anajibu hapana, kwa sababu kichwani mwake dawa ni ya mgonjwa. Tembe za tumbo la mwezi haziitwi dawa, zinaitwa kawaida. Lakini Brufen inazipunguzia nguvu zile chembe za damu zinazoziba jeraha, kwa karibu siku moja. Aspirini inaziharibu kabisa, na itabidi mwili utengeneze nyingine, kitu cha wiki hivi au zaidi. Baadhi ya tembe za dukani za kichwa zina aspirini ndani na hata husomi paketi. Sisemi Brufen moja italipua jicho, tulieni. Nasema anayekukata kope anafaa kujua, na hatajua kama swali limeulizwa kiaibu-aibu. (Na kama aspirini umeandikiwa na daktari, usijiachishe mwenyewe. Muulize.)

Pili, na hapa ndipo huwa nakasirika. Swali la maana si "uko kwa siku zako leo?" Swali ni "siku zako huwa zinakuwaje?" Mwaka wa 1926 daktari wa Finland, Erik von Willebrand, aliandika kuhusu familia ya visiwa vya Åland iliyokuwa ikitokwa damu kupita kiasi. Msichana aliyemfanya aanze kuichunguza aliletwa kwake 1924 akiwa na miaka 5. Alifariki akiwa na miaka 13, kwa hedhi yake ya nne. Leo ugonjwa huo wa kurithi una jina la daktari, na kwa wasichana wengi dalili ya kwanza ni hedhi nzito tu. Sodo inajaa kila saa, mabonge makubwa kuliko sarafu ya ishirini, zaidi ya siku saba, na pengine pua inatoka damu ovyo. Huyo msichana anafaa kupimwa damu kabla kisu hakijamgusa, hata kama siku ya operesheni hana hedhi. Sisi tunamwambia ni mambo ya kawaida, vumilia, mama yako pia alikuwa hivyo. Kumbe mama yake pia alikuwa nao!

Mtaniambia wagonjwa wataona haya. Hii nchi iliondoa VAT kwa sodo 2004. Ikapitisha sheria ya sodo za bure shuleni 2017. Februari 2023 seneta aliingia bungeni na suruali nyeupe yenye doa jekundu, akatolewa nje, na nchi nzima ikaongea. Bunge linaweza, kliniki ya macho inashindwa?

Na msidhani ni shida ya madem wa Nairobi wanaotaka laser. Trakoma ya Turkana na Narok inawakunja kope wanawake kuliko wanaume, kope zikikwaruza konea mpaka wapofuke. Tiba ni operesheni ya kope, mara nyingi timu ikifika na kambi. Mama aliyetembea kutwa akijirudisha nyumbani kwa sababu ameona damu asubuhi hiyo, na hakuna aliyemwambia haina shida, timu itarudi lini?

Wakubwa wa kliniki, ongezeni mistari miwili kwa ile fom. Siku zako huwa nzito? Umemeza tembe gani wiki hii? Na wewe uliyewahi kufanyiwa operesheni ya jicho, niambie hapo chini: uliulizwa?