Habari za uchumi zikifika sokoni

Tarehe 22 Februari 2025 nchi yetu ilisimamisha kwa miezi minne uuzaji wa kobalti nje. Bei duniani ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 21,000 kwa tani. Sisi ndio tunaotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote, na kusudi lilikuwa kupunguza mali sokoni ili bei ipande. Magazeti ya Kifaransa yalieleza hayo vizuri.

Siku hizo nilikuwa nyumbani, Kolwezi. Yaya wangu, mchimbaji wa mikono, alisikia habari hiyo kwa Kiswahili katika redio moja: «Serikali imefunga kobalti.» Jioni mnunuzi akamwambia kwamba kobalti imekatazwa, afadhali auze mifuko yake yote kabla polisi hawajafika. Akauza kwa hasara. Nilipomsomea gazeti aliniuliza: «Sasa mbona hawakusema ni miezi minne?»

Sisi wa kitivo cha lugha tunajua kwamba kusimamisha si kufunga, na kufunga si kukataza. Kilichosimamishwa huweza kuendelea kesho. Kilichokatazwa, ukikutwa nacho umekosa. Amri ile haikugusa uchimbaji. Iligusa mpaka.

Wengine watanijibu kwamba mtangazaji ana dakika mbili tu, na mwenye njaa hangoji bei. Ni kweli. Muda uliongezwa mwezi Juni, ukaongezwa tena hadi katikati ya Oktoba, ndipo ikaja kota: tani 18,125 kwa siku zilizobaki za 2025, tani 96,600 kwa mwaka 2026. Kufikia mwisho wa mwaka bei duniani ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu, lakini yaya asingeweza kukaa karibu miezi minane bila makuta. Sisemi angetajirika. Nasema angeuza mifuko miwili ya kula, na mingine angebishania bei bila kuogopa polisi. Neno moja lilimnyang'anya nafasi ya kubisha.

Tusimlaumu mtangazaji peke yake. Alipewa habari kwa Kifaransa, akaachwa aitafsiri akiwa mbele ya mikrofoni. Nani alimwandalia maneno? Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini hapa kwetu kazi nyingi kuhusu Kiswahili tunaziandika kwa Kifaransa, na zinabaki katika maktaba.

Kuazima kamusi ya Dar es Salaam pekee hakutoshi. Nilimwambia mama mmoja muuza unga «mfumuko wa bei». Akacheka, akauliza kama bei nayo husukwa kama nywele. Yeye husema «bei inapanda kila siku», na hapo ana haki: hilo ndilo jambo lenyewe. «Kota» nayo, tukiiita «mgao», wengi watafikiri serikali inagawa kitu bure. Mimi ningesema «kipimo cha kutoa nje».

Pendekezo langu ni dogo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu atafsiri habari moja ya uchumi, aende kuisoma sokoni au kwenye depo ya madini, kisha amwombe msikilizaji aieleze kwa maneno yake. Mwalimu atoe alama kwa yale aliyoyaelewa msikilizaji. Tafsiri zilizofaulu tuzipeleke kwenye redio za mji.

Yaya bado anachimba. Amri nyingine ikitoka, nisingependa aisikie tena kutoka kwa mnunuzi.